Sikio la Nyuma

Nedra alikuwa akimenya viazi aliposikia mashine ya mumewe ikipita shambani nyuma ya nyumba, akajua palepale kwamba mwaka huu pia mzee atakula kifunikoni.

Hakuhitaji kuchungulia dirishani. Mwanamke aliyekaa mgongoni mwa mwanamume yuleyule juu ya pikipiki ya theluji kwa karibu miaka hamsini hana haja ya macho. Injini ilikuwa ikiguna kwa chini, kama mtu anayepanda ngazi na gunia la unga begani, nayo ilitakiwa kuimba. Verl alipita tena, akageuza kwenye zizi, akapita mara nyingine, kisha akazima. Muda si mrefu aliingia jikoni, theluji ikimdondoka magotini, uso umemchangamka.

"Umeisikia hiyo?" alisema. "Klachi imekaa sawa kama siagi kwenye mkate."

"Nimeisikia," Nedra alisema, akaendelea kumenya.

"Eh?"

"Nimesema nimeisikia."

"Haya. Sasa mbona umenuna?"

Alikuwa hajanuna. Alikuwa na huzuni, na huzuni ya Nedra ilifanana sana na kununa. Mama yake pia alikuwa hivyohivyo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Machi, watu wa bonde lile hupanda na mashine zao hadi juu ya mlima uitwao Kiti cha Askofu. Jina hilo lilitokana na askofu mmoja wa kata yao ya kanisa, enzi za mababu, aliyeteleza huko juu akateremka nusu ya mlima kwa makalio huku akiwaonya vijana wasicheke. Wakifika kileleni hukoka moto, wakapika viazi vya jibini kwenye masufuria mazito ya chuma. Ni viazi vilevile wanavyopika msibani, na watani husema heri mtu avionje angali hai. Anayefika juu hula kwenye sufuria. Anayekwama njiani huteremshiwa chakula chake juu ya kifuniko cha sufuria, akakila hapohapo alipokwama, na waliomletea wakimtazama mpaka amalize.

Verl Hokanson alikuwa ameletewa kifuniko miaka miwili mfululizo. Mara ya kwanza watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mara ya pili hawakucheka, na hilo ndilo lililomuuma.

Basi Machi ya mwaka huu, kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya watu, akatangaza kwamba akila kifuniko cha tatu, mashine anamwachia Kolby, mtoto wa kaka yake, na kofia yake anaitundika. Watu wakasema, ah, Ndugu Verl, acha utani. Nedra alijua si utani. Lavar, kaka yake Verl, alitundika kofia yake majira ya baridi fulani, akavuta kiti mpaka dirishani, akawa anakaa kuutazama mlima asubuhi hadi jioni. Kabla nyasi hazijachipua walikuwa wanampikia viazi vya jibini. Daktari alitaja moyo. Nedra alitaja kile kiti.

Na tazama mambo ya dunia: Verl ndiye aliyekuwa sikio la bonde zima. Zamani zile wanaume walivuka mpaka kutoka jimbo jirani la Idaho, mashine zimefungwa kwenye magari, wakaja kwake na shida moja: klachi. Ndani ya klachi mna vizito vidogo vya chuma. Injini ikizunguka hufunguka kwa nje, vikaubana mkanda unaosukuma mashine. Vikiwa vizito mno, injini hukabwa koo. Vikiwa vyepesi mno, injini hupiga kelele za bure na mashine haiendi. Na kadiri unavyopanda hewa hupungua, injini hukosa nguvu, kwa hiyo kinachofaa bondeni hakifai mlimani. Wengine walitumia mshale wa kuhesabu mizunguko. Verl alisimama tu kwenye theluji, kidevu juu, macho kafumba, akamwambia mwenye mashine apite mbele yake mara moja. Kisha angesema, "Punguza gramu mbili," akarudi ndani kunywa kakao. Nedra alipenda kumtazama akisikiliza. Aliolewa naye kwa sababu nyingi, lakini kile kidevu kilikuwamo.

Sasa masikio yale yalikuwa yamekwisha. Injini zilizomlisha ndizo zilizoyala. Uso kwa uso bado alishika mazungumzo, nusu kwa kusikia na nusu kwa kutazama midomo. Lakini sauti ya injini ndani ya kofia ilikuwa kwake mtetemeko tu. Alipima klachi kwa makalio, chini shambani, kwenye tambarare, akaona inavuta, akafurahi. Hakumwambia mkewe. Mkewe naye hakumwambia kwamba anajua.

Alasiri hiyo Kolby aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mtoto wa marehemu Lavar, mtu mzima mwenye ndevu na watoto wake, lakini jikoni kwa Nedra bado alifungua friji kabla ya kusalimia.

"Ma'mdogo, kuna chochote?"

"Kuna mikono. Chukua kisu umenye."

"Nimekuja kikazi." Aliweka kiboksi mezani mbele ya Verl. "Ba'mdogo, zawadi."

Verl alikifungua, akautoa mshale mpya wa kuhesabu mizunguko, akaugeuzageuza. Tundu la ule wa kwanza, kwenye mashine yake, alikuwa amelifunika kwa kifuniko cha chupa ya jamu ya aprikoti tangu Kolby akiwa mtoto.

"Ule wa zamani niliung'oa kwa sababu ulikuwa mwongo," alisema.

"Huu si mwongo."

"Hujaishi nao."

"Kila mtu mlimani anao, ba'mdogo. Hata vijana wenye masikio ya popo."

Kolby alikitazama kisu kana kwamba ndicho kilichosema.

"Nani amezungumza habari za masikio?" Verl aliuliza.

"Hakuna. Nimesema popo."

"Kampelekee mtu anayehitaji saa imwambie kwamba ana njaa," Verl alisema, akaurudisha mshale kwenye kiboksi taratibu, akatoka kwenda karakana.

Nedra alimsindikiza Kolby mpaka barazani. Mlima ulikuwa mweupe kabisa na jua limeuegemea ubavuni.

"Hasikii, sivyo?" Kolby alisema.

"Hajaniambia."

"Na wewe umemwambia?"

"Hajaniuliza."

"Nyinyi wawili," Kolby alisema, akatikisa kichwa. "Akipanda na sauti ile, hafiki hata kwenye misonobari. Watu walishaisikia. Hata mpishi, Dada Velda, anasugua kifuniko."

Kolby alipoondoka, Nedra hakurudi kwenye viazi. Alikwenda kwenye stoo, akalitafuta vazi lake la theluji nyuma ya makoti ya watoto waliokwisha kuhama. Lilikuwa la samawati, limepauka mabegani, na bado lilinuka ule moshi mtamu wa mafuta ya injini. Alilivaa pale pale juu ya gauni. Lilifunga, ila kwa kubembelezwa. Mfukoni mlikuwa na peremende ya mnanaa iliyogandana na karatasi yake. Aliishika akakaa juu ya ndoo ya ngano, na miaka ikamjia yote kwa pamoja.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipopanda mgongoni mwa Verl mara ya kwanza. Mashine za siku zile zilikuwa fupi, nzito, zikizima kila baada ya kilima, na mwanamume aliyefika nusu ya Kiti cha Askofu alitajwa kanisani. Kwenye kelele hizo hamwezi kuongea, kwa hiyo Nedra alimpiga bega la kushoto injini ilipoguna, maana yake, mbona unazembea. Iliposhika kupiga mayowe alimpiga bega la kulia, maana yake, utaniua. Na ilipoimba sawasawa hakupiga kitu. Aliweka mikono yote miwili mbavuni mwake, akaikaza, wakaenda. Verl alizoea kusema alioa kwa sababu ya ile mikono mbavuni, na askofu akamwambia apunguze maelezo.

Ikawa lugha yao. Bega la kushoto, punguza uzito. Bega la kulia, ongeza. Mbavuni, hapohapo, usiguse. Watoto walizaliwa, mashine zikawa ndefu na zenye nguvu, na kila mlima mpya walikwenda wawili. Kisha goti lake likaharibika, likafanyiwa upasuaji, na Nedra akasema mwaka huu nitapumzika, nitapanda mwaka ujao. Mwaka ujao akasema hivyohivyo. Pale juu ya ndoo akajaribu kukumbuka ni lini mumewe aliacha kuisikiliza injini akaanza kuusubiri mkono wake, asiweze. Labda yeye Verl pia hakujua. Labda aligundua ile siku ya kwanza aliyopanda peke yake, mgongo ukiwa na baridi.

Akalia kidogo. Halafu akaila ile peremende, maana hakuwahi kuweza kutupa chakula.

Jioni, kwenye supu, alisema, "Jumamosi nakwenda nawe."

"Wapi?"

"Juu. Kwenye viazi vyangu. Nimechoka kuvipika nikabaki naosha visu."

Verl aliweka kijiko. "Na goti?"

"Litakuja. Limeshonwa kwangu."

"Ned, sikiliza, sikutukani, hii ni hesabu. Wewe ni uzito. Klachi nimeiweka kwa mtu mmoja."

"Basi iweke kwa wawili. Ulikuwa unajua."

Alimtazama mkewe, kisha akalitazama lile vazi la samawati lililotundikwa kwenye msumari wa mlango, ambapo halikuwa limetundikwa kwa miaka miwili. Akachukua mkate, akaukata vipande viwili, akampa kimoja.

"Utavaa kofia ya marehemu mama," alisema. "Yako panya wamezaa ndani."

Jumamosi kulikucha kweupe bila upepo. Chini ya mlima mashine zilikuwa zimejipanga, na Dada Velda, mpishi mkuu mwenye kicheko cha kuamsha ng'ombe, alikuwa amefunga sufuria lake nyuma ya kiti, kifuniko kimeelekezwa makusudi kwenye jua.

"Ndugu Verl, nimekisugua mpaka unajiona meno," alisema. "Na leo unabeba abiria? Basi nitaleta na vijiko viwili."

"Leta chumvi," Nedra alisema. "Mwaka jana ulisahau."

Wakaondoka. Nedra alikuwa amesahau jinsi dunia inavyokuwa ndogo nyuma ya mgongo wa mtu: koti, harufu, na miti inayopita pembeni. Walipanda kwenye misonobari polepole, na kabla ya kufika katikati, kwenye eneo la tambarare linaloitwa Kitandani, injini ilianza kuguna. Theluji ilikuwa nene, hewa nyembamba, na wao wawili. Mashine ikaanza kuzama mkiani. Verl akabonya mafuta zaidi, ikazidi kuguna. Alikuwa anaipeleka hivyohivyo mpaka ikwame, kama miaka ile miwili.

Nedra akainua mkono, akampiga bega la kushoto.

Alihisi mgongo wa mumewe ukikakamaa. Kisha Verl akageuza mashine ikatazama chini ya mteremko, akazima.

Alivua kofia. Wengine walikuwa wakiwapita, na mmoja akapiga honi ya kijinga.

"Umenipiga," Verl alisema.

"Nimekupiga."

Aliutazama mlima. Alitazama glavu zake. Nedra alifikiri sasa atakasirika, aseme injini iko sawa, na hapo itakuwa imekwisha. Naye ataishia kwenye kiti dirishani kama Lavar.

"Kiasi gani?" aliuliza.

Hakuwahi kumuuliza hivyo. Kazi ya Nedra ilikuwa bega. Gramu zilikuwa kazi ya sikio.

"Mimi sizijui gramu zako," alisema, akisogea ili mumewe aione midomo yake vizuri. "Inaguna kama marehemu Lavar akiinuka kwenye kochi."

Verl akafikiri. "Kabla ya kula au baada?"

"Baada. Sikukuu."

"Gramu tatu," Verl alisema, na akaanza kufungua ubavu wa mashine.

Klachi ilikuwa ya moto kiasi cha kuyeyusha theluji ya glavu. Alitoa mfukoni kopo la dawa za kikohozi. Ndani mlilala vizito vyake, kila kimoja amekisaga kwa mkono wake na kukigonga namba. Akavibadilisha kimoja baada ya kingine, vidole vikiwa bado vina akili zao za zamani. Nedra alimshikia kopo. Wakapanda tena, wakazunguka Kitandani kwa kasi, na injini ikapaa juu, ikapiga yowe, mashine ikichimba bila kwenda. Bega la kulia.

"Sasa vipi?" aliuliza baada ya kuzima.

"Dada Velda akiona panya."

"Panya mkubwa?"

"Mdogo. Na yuko mbali kidogo."

"Tumepitiliza. Narudisha moja." Alikuwa anatabasamu, na alijaribu kulificha hilo tabasamu ndani ya klachi.

Kolby aliteremka kutoka juu kuwatafuta, akasimama pembeni, akaona kopo limefunguliwa na ma'mdogo wake amelishika kama sahani ya sakramenti. Akageuza akarudi juu. Alikuwa na akili kuliko ndevu zake.

Mwisho wa Kiti cha Askofu ni ukuta. Wageni huutazama wakasema hapana. Unapaswa kuufuata kwa kasi moja, bila kusita, kwani ukisita mashine huchimba kaburi lake, na huna pa kugeuzia. Hapo ndipo Verl alipokwama miaka miwili, si kwa sababu ya ukuta bali kwa sababu ya shaka; hakuwa na wa kumwambia kama injini bado iko naye.

Waliingia kwenye ukuta. Anga lilijaa mbele yao. Nedra aliinama mbele mpaka kofia ikagusa mgongo wa Verl, na goti lake likalalamika, naye akaliambia linyamaze. Injini ikashuka kidogo, kidogo sana, ikatafuta, kisha ikaipata. Aliitambua kabla haijamaliza kupanda. Ilikuwa sauti ya miaka yote: ya mlima wa fungate, ya siku walipowaacha watoto kwa bibi yao wakapotea hadi jioni, ya asubuhi baada ya kumzika Lavar walipokwenda wawili bila kuambiana wanakwenda wapi. Machozi yalimtoka ndani ya kofia ya mama mkwe.

Akaweka mikono yote miwili mbavuni mwa mumewe, akaikaza.

Verl hakusita tena. Theluji iliwapiga usoni, kilele cha mlima kikawajia, na ghafla mbele hakukuwa na mlima, kulikuwa na mabonde ya upande wa pili, na moshi wa kuni, na watu wamesimama na vijiko mkononi. Dada Velda alikishika kifuniko chake, akakitazama, akakirudisha juu ya sufuria.

"Vitapoa," alisema. "Njooni mle."

Lakini Verl hakwenda kula. Alizima mashine, akateremka, akamsaidia Nedra kuteremka, mguu mmoja, kisha ule mbaya. Wakasimama nyuma ya mashine ambapo watu hawakuwaona vizuri. Alivua kofia, nywele zake chache zikasimama. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kuomba kitu na haya inamzuia.

"Ned," alisema. "Ilikuwaje? Hapo mwisho."

"Ilikuwa nzuri."

"Siulizi hivyo. Ilikuwaje sauti yake? Mimi sikuisikia. Siku nyingi siisikii."

"Najua, Verl."

"Unajua?"

"Najua tangu enzi."

Nedra alivua kofia yake na glavu. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akauweka mdomo wake kwenye ule mfupa ulio nyuma ya sikio lake, uliokuwa baridi kama jiwe, na akaanza kuunguruma ili mtetemeko uingie mfupani. Aliutoa muungurumo ule kifuani, chini kwanza, kama injini ilivyoingia kwenye ukuta. Akaushusha kidogo pale iliposhuka. Akaupandisha mpaka pale ilipopata njia, akaushikilia hapo kadiri pumzi yake ilivyoweza, mwanamke wa miaka sabini na moja akilia kama injini juu ya mlima, na wala hakujali nani anamwona.

Verl alifumba macho. Kidevu chake kikainuka polepole, kama zamani, kama wakati wanaume walipotoka Idaho na kusimama kwenye theluji wakisubiri hukumu. Akasikiliza mpaka pumzi ya mkewe ikaisha. Akaendelea kusimama hivyo kidogo baada ya hapo.

Kisha akafumbua macho.

"Bado nzito," alisema. "Nusu gramu."

Akatia mkono mfukoni, akatoa kopo.